Nyuma ya Jiko la Mama

Mdogo wangu alinipigia simu akicheka. Nilikuwa kwenye banda langu la chakula pale Mikumi, pembeni ya barabara kuu, madereva wa malori wamejaa kwenye mabenchi, wali umeshaiva, na mimi nagombana na dereva mmoja aliyedai nimempa mfupa badala ya nyama. Nikabana simu kwa bega huku mwiko mkononi.

"Dada, mambo yametunyookea," akasema. "Njia kuu ya umeme inapita kwetu. Mnara mmoja umeangukia kwa mama."

"Umeanguka? Mama kaumia?"

"Hapana, bwana! Umeangukia, yaani wamepima wakaona utakaa pale. Nyuma ya jiko. Na kampuni inalipa fidia, tena kila kitu kinafanywa kwa utaratibu, wala hawaonei mtu."

Nikamwambia arudie. Akarudia: nyuma ya jiko, kwenye migomba. Wale madereva baadaye waliniambia kwamba nilimpa yule mwenye kelele minofu yote iliyobaki kwenye sufuria, na mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilimkabidhi banda mwenzangu anayeuza chapati jirani, nikajifunga khanga, nikaenda kusubiri gari la Kilosa bila hata kufunga mkoba.

Mdogo wangu alikuwa hajui, ndiyo maana alicheka. Wanaume wa kwetu hawajui mambo haya. Baba alikufa hajui, na kama alijua, basi alijitia hamnazo mpaka anaingia kaburini.

Mimba yangu ya kwanza nilikwenda kuzalia kwa mama, kama desturi yetu ilivyo. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Shangazi alimpigapiga mgongoni, akampulizia puani, akamgeuza huku na huku, mtoto kimya. Sasa kwetu, mtoto ambaye hakulia hana msiba. Haswaliwi, hawekewi matanga, wanaume hawambebi kumpeleka makaburini. Ni shughuli ya wanawake, inafanywa upesi na inanyamaziwa. Mama na shangazi walimfunga kwenye kipande cha khanga yangu, wakatoka naye kwa mlango wa uani. Mimi nimelala kitandani, nasikia jembe. Baadaye jembe likaacha. Shangazi akaingia ana matope miguuni, akaniinamia, akasema, "Usimlilie. Ukimlilia unafunga kizazi."

Nikatii. Jamani, nilivyotii! Nilikimeza kile kilio kama dawa chungu, kwa adabu zote, nikamwambia asante shangazi. Na kizazi kikafunga vilevile. Sikupata mwingine, mume naye akaenda kutafuta wa kumzalia, na mimi nikahamia Mikumi kupika wali wa watu wanaopita.

Nilichoambiwa kuhusu mwanangu kilikuwa maneno machache ya kunong'onezwa: yuko nyuma ya jiko, chini ya mgomba. Basi, hakuna aliyenipeleka kunionyesha, na mimi sikuuliza, kwa sababu huulizi. Lakini kila nikienda kumsalimia mama, nilikuwa najitolea kwenda kumwaga maji ya vyombo huko nyuma, na nilikuwa nakawia kurudi. Mdogo wangu alikuwa ananitania kwamba nimekwenda kuoga kabisa.

Kwa mama ni mbele ya Kilosa, upande wa kuelekea Msowero. Nilifika jua linaelekea magharibi, pikipiki imenitikisa mpaka mifupa. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." "Marahaba," akaniitikia vizuri tu, halafu akaniita kwa jina la shangazi na kuniuliza mbona sijaja na mtungi. Shangazi alishafariki zamani. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mama anasahausahau, lakini kwenye simu alikuwa akiongea kama zamani, na mimi niliona ni mambo ya uzee wa kawaida. Nikapita moja kwa moja nyuma ya jiko.

Walikuwa wamepigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, kila mguu wa mnara kigingi chake. Kimoja kilikuwa katikati ya migomba. Nilikishika kwa mikono yote miwili nikavuta, nikavuta kwa hasira, na hakikutoka.

Kesho yake kulikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa kijiji. Watu wa kampuni walikuwa wanarudi kwa mara ya mwisho kabla ya mkandarasi kuanza kazi kijijini kwetu, kuuliza kama kuna kilichosahaulika. Nilikaa mstari wa mbele na wanawake wenzangu. Akaingia afisa wa jamii wa kampuni, mtu wa makamo, mwembamba, amevaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa kilichoandikwa mgongoni Mazingira, Jamii na Utawala Bora. Maneno yote hayo mgongoni mwa mtu mwenye mabega ya kuku! Lakini nisiseme uongo, alikuwa anaijua kazi yake. Aliwauliza wakulima habari za miti, akawauliza wafugaji ng'ombe wao hupita wapi kwenda kunywa maji, na mzee mmoja wa kifugaji alipojibu kwa lugha yake, alimsubiri mpaka akapata mtu wa kutafsiri. Nikasema moyoni, huyu atanisikia.

Tatizo likawa moja. Katika kujitambulisha alisema yeye ni Mnyamwezi.

Ukumbi mzima ulilipuka. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kukutukana akiangalia uso wako, na wewe unamrudishia, na atakayenuna ndiye mshamba. "Nimekuja kuwakagua watumwa wangu," akasema, "naona mmenenepa bila ruhusa yangu!" Wazee wakagonga fimbo chini kwa raha. Mama mmoja akamjibu kwamba Mnyamwezi hata umeme akiuona atauchemsha na karanga. Tangu hapo mkutano ukawa wake, watu wanamla kwa macho.

Kisha akaingia kwenye makaburi, na hapo alisema kwa sauti nyingine, ya kazini. "Kampuni yetu haisimamishi mnara juu ya wafu wa watu. Kaburi likionekana linahamishwa kwa heshima, kwa dini ya wenyewe. Sanda juu yetu, na sheikh au padri mnamchagua ninyi." Wanaume wakataja makaburi waliyoyajua: la babu fulani, la mzee wa mwembeni, la mama wa watu wa ng'ambo ya mto. Yote yalishawekwa alama ya rangi. "Lipo lingine?" akauliza. "Lolote ambalo halijatajwa?"

Nikasimama.

"Lipo."

"La nani, dada?"

Mbele yangu walikuwa sheikh, mwenyekiti, wajomba, na mdogo wangu ameegemea ukuta. Ningesemaje? Kitu ambacho hata na mama yangu hatujawahi kukitamka mchana, nikiseme kwenye mkutano wa kijiji? Nikajikaza. "La mtu wangu. Liko nyuma ya jiko la mama."

Macho ya yule bwana yakang'aa. Nikayaona, nikajua nimekwisha.

"Jamani!" akapiga kofi paja lake. "Wasagara mnazika jikoni? Kumbe ndiyo maana jana nimekula mlenda wenu, usiku nikaota marehemu!"

Watu wakavunjika mbavu. Nikasema, "Sitanii."

"Hata mimi sitanii! Alikuwa ananidai chumvi yake!"

Nikapandwa na hasira mpaka nikaona giza. Nikamwita mbwa. Nikamwambia afunge domo lake, mwana wa kuokotwa, hana adabu wala waliomzaa hawana. Na watu wakapiga makofi! Wakasimama kabisa. Kwa sababu hilo ndilo tusi la mtani, na nilikuwa nimelitoa kwa uchungu ambao hawajapata kuusikia kwa mwingine. Yeye mwenyewe akaniinamia kwa heshima, akasema leo amepatikana, amekubali yaishe. Mdogo wangu alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Mwenyekiti akasema tufunge na furaha hiyohiyo, na mkutano ukafungwa.

Nilibaki nimesimama mahali pangu, mabenchi yanaondolewa. Sijawahi kuwa peke yangu vile katikati ya watu wangu.

Nikamfuata yule afisa kwenye gari lake. Alikuwa bado ana tabasamu. "Shikamoo dada, umeniweza leo, mtani wangu!"

"Marahaba," nikaitikia kwa shingo upande. "Nina mtoto pale."

"Mtoto gani tena?"

"Wangu. Wa kumzaa. Hakulia."

Alikuwa amefungua mlango wa gari, akauacha wazi. Kumbe na kwao ni hivyohivyo, alijua neno hilo lina maana gani. Akavua kofia, akakaa kwenye ngazi ya gari, akasema, "Astaghfirullah. Dada, naomba unisamehe."

Sikutaka msamaha wake. Nilitaka avichomoe vile vigingi, na nikamwambia hivyo. Akanieleza taratibu, na sauti imeshuka, kwamba mnara hauwezi kusogezwa: upande huu ni bonde linalojaa maji mvua zikikolea, upande ule ni nyumba za watu, na minara ya nyuma na ya mbele imeshasimama, lazima waya upite katikati yake. "Lakini mtoto anaweza kuhamishwa," akasema. "Hiyo si hisani yangu, ni ahadi ya kampuni, na mkandarasi anaijua. Nionyeshe mahali. Nikipaona, hakuna mashine itakayogusa mpaka tumalize. Ila lazima pawe mahali, dada. Siwezi kusimamisha kazi kwa kitu ambacho hakuna anayejua kilipo."

"Mama anajua," nikasema.

Nilivyolitamka lile neno, nikakumbuka alivyoniita kwa jina la shangazi.

Nilimkuta mama amelala chini ya ukingo wa paa. Nikamkalisha, nikamnawisha uso, nikamnywesha chai, nikasubiri akili yake itulie. Halafu nikasogea karibu, nikamuuliza kile ambacho sijawahi kumuuliza. "Mama, yule mwanangu. Mlimweka wapi?"

Akaweka kidole mdomoni. "Shii," akasema, "wanaume watasikia."

Mungu wangu. Alikuwa amesahau jina langu, amesahau shangazi amekufa, lakini alikuwa hajasahau kwamba hili halisemwi. Nikambembeleza. Nikamwambia wanaume wote wamekwenda shamba. Nikamwambia mimi ni shangazi, ndiyo, mimi ndiye, nimesahau tulipomweka, tukumbushane. Akacheka kidogo, akasema, "Wewe nawe! Si pale nyuma ya jiko, kwenye mgomba."

Nyuma ya jiko lipi, sasa? Jiko la wakati ule liliangushwa na mvua. Tukajenga jingine, likaliwa na mchwa. Hili lililopo alilijenga mdogo wangu, upande ambao yeye aliona una kivuli, na hakuna mtu aliyemwambia usijenge huku au kule, kwa sababu waliojua hawakutakiwa kusema. Na mgomba si mti wa kukaa mahali. Unazaa, unakatwa, mtoto wake anachomoza pembeni, naye anazaa wake pembeni zaidi, na miaka inavyokwenda shamba lote linatembea. Migomba niliyokuwa naisimamia na beseni langu la maji machafu, miaka yote ile, haikuwa ileile. Nilikuwa namtembelea mwanangu mahali ambapo hayupo.

Ikabidi nimwambie mdogo wangu. Nilimwita uani, nikamweleza yote nikitazama chini. Mwishoni akasema, "Nilicheka. Pale mkutanoni, dada, mimi nilicheka." Nikamwambia wote walicheka. Akaondoka, nikamsikia anatafuta jembe na sururu.

Mtani alileta vibarua wa kampuni, na tukaanza kuchimba kwa mkono, taratibu, kama alivyoagiza. Mama tulimkalisha kwenye kiti, kivulini. "Pale," anasema. Tunachimba pale, tunatoa gae la chungu. "Aa, si hapo, ni pale kwenye njia ya chooni." Tunahamia huko, tunapata kandambili na kioo cha taa. Kuna mahali jembe lilikwama kwenye kitambaa, mdogo wangu akapiga kelele, nikaanguka magoti nikaanza kufukua kwa vidole. Ulikuwa mfuko wa mbolea. Wakati huo nilitamani ardhi inimeze na mimi, ili wanitafute pia, waone kazi yake.

Mdogo wangu hakutaka vibarua wapumzike. Wakikaa kunywa maji, yeye anaendelea, mikono imeshachubuka, hataki kupokewa. Majirani wanawake walianza kuja mmoja mmoja. Hawakuuliza. Wale watu wazima walitazama mashimo, wakatazamana, wakaelewa, na wakakaa chini kando ya mama. Baadhi yao, nadhani, nao walikuwa na wa kwao nyuma ya majiko ya mama zao. Hakuna aliyelisema.

Siku ya pili ya kuchimba niliishiwa subira na mama kabisa. Alikuwa ametuonyesha mahali ambapo tulishachimba na kufukia. Nikampigia kelele mbele ya watu. "Kumbuka, mama! Ulimbeba wewe! Mikono ni hii yako! Utasahauje mahali ulipomweka mtoto?" Akaniangalia kwa hofu, midomo inacheza, akasema, "Wewe nani unanifokea nyumbani kwangu?" Nikaenda kukaa nyuma ya choo, nikajifunika khanga usoni. Machozi hayakutoka. Nilikuwa nimefundishwa vizuri mno.

Mtani akanifuata, akachuchumaa mbali kidogo kwa heshima. Akasema, "Dada, nikwambie ukweli?" Nikamwambia aseme. "Mtoto wa siku ile, kwenye udongo wa migomba, wenye maji namna hii, kwa miaka yote hiyo... Hata tukichimba mahali penyewe, sijui kama tutaona chochote."

"Nilishajua," nikamjibu. Nilikuwa najua tangu Mikumi, ndani ya gari, lakini kujua na kukubali ni vitu viwili, na mimi sikuwa na nguvu ya kile cha pili.

Asubuhi iliyofuata kijiko kikaja. Sijui ni nani aliyeita mtambo mkubwa vile kwa jina la kitu cha kulia uji. Kikasimama barabarani, kinanguruma, dereva wake ameshusha kioo anatafuna muwa. Mtani alikuwa pembeni anaongea na mkandarasi kwa simu, anatembea huku na huku, anasema, "Ndiyo, najua ratiba. Najua. Lakini ninyi wenyewe mmesaini kwamba makaburi kwanza. Ndiyo, ninalo. Ninalo kaburi." Alipokata simu akakuta namtazama.

"Umempa uongo," nikasema.

"Nimempa mpaka mchana." Akajifuta jasho. "Dada, wewe ndiye mama yake. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye haki ya kusema yuko wapi. Ukisema hapa, ni hapa. Nitachukua udongo wa hapo, nitauvika sanda, utakwenda makaburini kwa dua, na hakuna atakayekuuliza."

"Na kama siyo hapo? Kama yuko pale kwenye kigingi, wakamwagia zege?"

Nilimtukana tena, matusi yaleyale ya mkutanoni, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Alisimama tu akayapokea mpaka yakaniishia. Nikatembea mle kati ya mashimo. Nilijaribu kuhisi, kama wanavyosema mama huhisi. Sikuhisi kitu. Palikuwa na udongo mweusi, mizizi imekatwa, minyoo inajikunja juani. Nilisimama mahali ambapo palikuwa hapajachimbwa, karibu na kigingi, nikasema, "Hapa," na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayedanganya.

Mtani akavua kofia. Akavua na kile kizibao cha maneno mengi, akakikunja, akakiweka kando. Akapiga magoti akachimba kwa mikono, hakutaka jembe. Akatandika bafta nyeupe, akaweka udongo kwa viganja, akaukunja na kuufunga miisho miwili kama inavyofungwa sanda ya mtu. Sheikh alikuwa amefika, kijana mpole, akasoma dua yake kwa sauti ya chini. Wanawake walikuwa wamesimama wamejifunika. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kulia. Kwa mtoto kama huyu hatukuwa na desturi ya kulia, hatujui unaanzia wapi.

Basi mtani akasimama, magoti yana matope, akatugeukia sote na uso wake umekunjamana.

"Wachoyo wakubwa ninyi!" akasema kwa sauti ya mkutanoni. "Wasagara! Mmefiwa kimya kimya, mkazika kimya kimya, ili mimi mtani wenu nisipate ubwabwa wa msiba! Mmeuficha mpaka leo! Sasa nimewafuma, na siondoki hapa mpaka nile!"

Sauti yake ilikatika hapo mwisho. Mama mmoja akacheka, kicheko cha kushtukiza, akaziba mdomo. Mwingine akamjibu, "Mroho mkubwa, fukara wa Unyamwezi wewe!" na hapohapo akaangua kilio. Mtani hadai ubwabwa mahali pasipo na msiba, jamani. Kama anadai ubwabwa, basi ni msiba. Wanawake wote wakapokea, kilio kikapanda, mdogo wangu akakaa chini kwenye lundo la udongo akalia kwa sauti kama wao. Na mimi nilianza kwa kucheka. Nilicheka, wallahi, halafu kile kicheko kikageuka ndani ya kifua, kikatoka kitu ambacho sikukijua, sikuwahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mtu.

Dereva wa kijiko akazima mashine.

Tulipotulia kidogo, mtani akanisogelea na simu yake, amejaa haya. Kampuni inataka picha moja, akasema, ya kuonyesha kwamba kazi ilifanywa kwa heshima, anajua si wakati wake, lakini bila picha wataanza kumuuliza maswali. "Ushike kidogo tu, dada, halafu tunaushusha." Akaniwekea mikononi ile bafta.

Mimi nanyanyua masufuria ya wali kila siku ya Mungu, nilidhani najua uzito. Ule udongo ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, na wa baridi, na ulilala wenyewe kwenye mikono yangu, bila mimi kuupanga. Niliambiwa mwanangu alikuwa wa kike. Sikuwahi kumwona uso, sikuwahi kupewa. Walimpitisha mlangoni na khanga yangu, mimi nimelala.

"Haya, dada, ushushe sasa," mtani akasema. Simu alikuwa ameishusha zamani. "Ushushe, tuuwahishe makaburini."

Sikuweza. Nilijua kabisa ni udongo, nilijua nimesema uongo kuhusu mahali, nilijua huenda mwenyewe yuko palepale chini ya miguu yetu na mchana watamwaga zege. Nilijua yote. Akaja mdogo wangu kunipokea, nikageuka nikampa mgongo.

Mama akainuka kwenye kiti chake. Akawasogeza wanawake kwa mkono, akaja mpaka kwangu, akatazama nilichobeba. Uso wake wote ukafunguka, kwa mara ya kwanza tangu nifike, na akaniita kwa jina langu mwenyewe.

"Mshike shingo, mwanangu," akasema. "Shingo yake bado laini."

Nikahamisha mkono wa kushoto, nikamshika shingo.